Msemaji wa Siku ya Mawakala

Jumatatu, 3 Julai

Kosa wanalofanya watu wengi wanapotafuta msemaji wa kuwatia watu moyo ni kumtazama msemaji. Wanatazama suti yake, video zake, meno yake. Hawatazami watakaomsikiliza. Naliandika hili mapema ili wewe utakayekalia kiti changu usianze vibaya. Mimi ni Ponnambalam, mkuu wa mafunzo katika kiwanda cha pampu za maji hapa Coimbatore, kusini mwa India. Nastaafu mwisho wa Septemba.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ya tarehe 15 ni Siku ya Mawakala. Wauzaji wa pampu zetu watakuja kutoka wilaya zote, na wake zao. Tajiri wetu, Bwana Chellamuthu, anataka msemaji kutoka nje. Na lazima iwe kabla ya tarehe 17, unapoanza Aadi, mwezi wetu wa mkosi, maana Aadi ikishaingia Tajiri haanzishi hata mazungumzo. Kamati ni watu wawili: mimi, na Yuvaraj, mkuu wa mauzo. Kijana. Nywele zake zinang'aa kwa mafuta, na shahada yake ya biashara kutoka Pune huitaja kabla hujamaliza kumsalimu.

Sasa siri yangu. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hapa, kila hafla neno la shukrani natoa mimi. Neno la shukrani huja mwisho. Mwisho, harufu ya mchuzi wa dengu imeshaingia ukumbini. Nikifungua mdomo, watu wameshasimama. Nimeshukuru viti vingi sana! Nami nataka jambo moja tu kabla sijastaafu: nusu saa jukwaani, watu wakiwa wamekaa. Sidai zaidi.

Mpango: nitamkataa kila msemaji atakayeletwa. Kwa upole, kwa sababu za msingi. Majina yakiisha, watageuka kunitazama mimi. Rahisi!

Nimemweleza mke wangu Visalakshi. Akasema, Baba Nandini, wewe ukienda sokoni muuza nyanya anafunga genge ili usimweleze habari za nyanya. Hakuuelewa mpango.

Jumatano, 5 Julai

Kikao cha kwanza, mbele ya Tajiri. Ushindi mtupu!

Yuvaraj alileta jina la mpanda milima aliyeachwa bila vidole vya mguu na theluji ya Himalaya. Nikasema kwa upole kwamba mawakala wa pampu hutafuta maji chini. Huyu bwana kazi yake yote ameifanya juu. Jina likafutwa.

Wa pili ni mtu wa Hyderabad ambaye mwisho wa hotuba huwapitisha wasikilizaji peku juu ya makaa ya moto ili waishinde hofu. Hapa nilijinyoosha kitini. Nikamuuliza Yuvaraj kama ana habari kwamba nusu ya mawakala wetu hupita juu ya makaa kila mwaka, sikukuu ya hekalu la Mariamman, bure, wengine wamebeba watoto. Huyo bwana atawafundisha nini? Labda aje ajifunze, na atulipe sisi. Tajiri alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Wa tatu ni mchezaji mstaafu wa kriketi. Nilisema tu kwamba ile mechi anayoisimulia kila mahali tulishindwa. Tajiri alikuwepo uwanjani siku ile na bado inamuuma.

Majina yakaisha. Tajiri akavua miwani, akauliza, kwani mji mzima huu hakuna mtu anayejua kuzungumza na watu? Akatazama upande wangu. Nikaweka kola sawa. Nikakohoa kidogo, kikohozi cha unyenyekevu.

Akasema, Mzee, kifua hicho, hebu funga dirisha.

Nikalifunga. Hata hivyo ni siku njema. Maendeleo yanaonekana.

Alhamisi, 6 Julai

Nimegundua mwanya! Wageni wamealikwa saa tatu asubuhi. Lakini Jumamosi, kama ajuavyo kila mtu hapa, Rahu, ile nyota mbaya, hutawala kuanzia saa tatu mpaka saa nne na nusu. Ndani ya muda huo wa mkosi hakuna anayewasha taa ya ufunguzi, wala kutia saini, wala kuposa. Kwa hiyo watu wote watakuwa ukumbini, wameshakula, wamekaa, hawana la kufanya. Nani ataujaza muda huo?

Nikamwendea Tajiri. Nikamfafanulia kwamba hotuba yangu isingekuwa mwanzo wa kitu chochote. Ingekuwa maelezo, na maelezo hayahesabiki kuwa mwanzo. Tajiri alinitazama kwa huruma. Akasema, Mzee wangu, kitu kikianza saa ya Rahu hakifiki mwisho.

Yuvaraj alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, Tajiri, huyu hata saa njema hafiki mwisho.

Wahasibu walicheka upande wa pili wa ukuta. Ukuta wetu ni wa mbao nyembamba. Nimeshalalamika mara nyingi juu ya ukuta ule.

Sina kinyongo. Kijana ana ulimi mwepesi, na hicho ni kipaji. Siku moja atapata na la kusema.

Jumamosi, 8 Julai

Mpango mkubwa umepatikana, na aliyenipa ni Yuvaraj mwenyewe!

Ameleta video ya Bwana Hasmukh Chordia wa Jaipur. Muziki, moshi, taa za rangi, watu wazima wanalia na kukumbatiana. Bwana mwenyewe ni mfupi, mnene, uso wote tabasamu. Na anazungumza Kihindi. Kihindi kitupu, tangu salamu mpaka machozi.

Unalijua hili, lakini naeleza. Sisi huku ni Watamil. Mawakala wetu Kihindi wanakijua kwa nyimbo za filamu, na hata hizo huziimba vibaya. Mwaka juzi ofisa mmoja kutoka Delhi alituhutubia kwa Kihindi. Wake za mawakala wa mji wa Pollachi wakatoa maua ya asumini mikobani, wakaanza kuyatunga. Alipomaliza, kila mmoja alikuwa na shada kichwani.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkatae. Nikaufunga. Wazo limenijia kama maji ya kisima kipya! Msemaji asiyeeleweka anahitaji mkalimani. Mkalimani husimama jukwaani pamoja naye. Msemaji akisema dakika moja, mkalimani naye dakika moja. Watu wamekaa. Wanamsikiliza nani? Mkalimani. Na nani anajua msemaji amesema nini hasa? Mkalimani peke yake! Naweza kusema lolote. Naweza kutoa hotuba yangu nzima, vipande vipande, mbele ya ukumbi uliokaa.

Na Kihindi ninacho. Nilikisoma kwa posta nikiwa kijana, nikafaulu mitihani yote. Sijapata mtu wa kuzungumza naye tangu wakati huo, lakini sarufi haijaenda popote.

Nikatangaza kwamba namuunga mkono Yuvaraj kwa moyo wote. Yuvaraj akanigusa paji la uso, akauliza, Mzee, una homa? Tajiri akasema watu wake hawatamwelewa mtu wa Jaipur. Nikasema, nitawatafsiria. Sitaki sifa. Tajiri akafikiri, akasema haya.

Jumatatu, 10 Julai

Hatari! Yuvaraj anataka hotuba iletwe mapema, itafsiriwe, maneno ya Kitamil yapite kwenye kitambaa kikubwa nyuma ya msemaji. Mkalimani asihitajike kabisa. Kijana huyu kila wiki ana balaa jipya.

Nikaeleza kwa utulivu kwamba mawakala wetu huacha miwani nyumbani makusudi, ili wasisomeshwe mikataba. Tajiri akapiga meza, akasema kweli kabisa, hao ndio watu wangu. Kitambaa kikafa.

Ili kuziba kila tundu, nikasema mawasiliano na Jaipur niachiwe mimi. Mchana nimempigia simu katibu wa Bwana Chordia. Nilitumia Kihindi changu cha mitihani. Mara kwa mara alikuwa ananyamaza, nadhani kwa heshima. Kisha akauliza, Mheshimiwa, mngependa azungumze lugha gani?

Swali la hatari! Akija na Kiingereza, nusu ya ukumbi itaelewa, nami nitanaswa. Nikajibu haraka: lugha aliyokulia nayo. Ile ya utotoni. Asijitese na nyingine yoyote. Katibu akauliza kama nina hakika. Nikamwambia hilo ndilo sharti letu kuu. Akasema basi Bwana atafurahi sana, watu hawamwombi hivyo.

Bila shaka hawamwombi. Watu hawajui kupanga.

Jumatano, 12 Julai

Mazoezi nyumbani. Hotuba yangu inaitwa "Binadamu na Pampu". Inaeleza kwamba maisha yana hatua tatu: kuvuta, kusukuma na kutoa. Pia inaeleza umuhimu wa kuijaza pampu maji kabla ya kuiwasha, la sivyo inazunguka kavu na kuungua. Hapo nataraji machozi.

Nilimweka Visalakshi awe Bwana Chordia. Nikamwambia aseme lolote, maana yake haijalishi. Akasema vitunguu vimekwisha na bado umeketi hapo. Nikageukia kabati la vyombo, nikatafsiri: ndugu zangu, mgeni wetu anasema ujasiri hauuzwi dukani. Nikaendelea kwa muda. Nilipogeuka alikuwa amekunja mikono.

Akauliza, hivyo vitunguu vyangu vimeingia wapi katika maneno yote hayo? Nikamweleza kwamba tafsiri nzuri haifuati neno kwa neno. Akasema, Baba Nandini, na kama yuko mtu ukumbini anayeelewa? Nikacheka. Mawakala wa Pollachi, Kihindi!

Nilikwenda kununua vitunguu. Muuzaji alikuwa anafunga.

Ijumaa, 14 Julai

Nimempokea Bwana Chordia uwanja wa ndege. Mtu mwema. Nilimkaribisha kwa sentensi niliyoiandaa tangu asubuhi, yenye vitenzi vitano. Akajibu kwa Kihindi polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Safari inachosha.

Garini nilimweleza utaratibu. Aseme kidogo, anyamaze, mimi nitaigeuza. Akauliza, kwani mzee, hawatanielewa hata kidogo? Nikamwambia, hata neno. Akaonekana kusononeka. Akasema alidhani tofauti ya huku na kwao si kubwa kiasi hicho. Nikamwambia ni kubwa mno, wewe mwenyewe utaona, lakini usijali, mimi nipo. Akakubali. Mnyenyekevu sana kwa mtu maarufu.

Chakula cha jioni alikula dosa, chapati zetu nyembamba za mchele, kwa mkono, akapasua, akachovya, akaongezewa chatne ya nazi kwa kuinua kidole kimoja tu, kama mtu wa hapa hapa. Watu wa kaskazini hujifunza haraka wakiongozwa vizuri.

Yuvaraj alitaka kukaa naye wapange mambo. Nikasema mgeni amechoka. Nikamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni pa chumba chake, na nilipoondoka nikamwomba mhudumu wa hoteli asimpelekee mtu.

Hakuna tundu lililobaki. Nina furaha kama mtoto.

Jumamosi, 15 Julai

Nitaandika kwa mpangilio, maana siku kubwa huharibiwa na watu wanaoisimulia ovyo.

Ukumbi ni ule wa harusi wa barabara ya Avinashi. Jana kulikuwa na harusi, mapambo hayajaondolewa. Ukutani maua yameandika "Gokul na Sowmiya". Jukwaani viti viwili vyekundu vya kifalme, vya bwana na bibi harusi. Bwana Chordia akawekwa chini ya jina la Gokul, mimi chini ya jina la bibi harusi, Sowmiya. Mke wangu, aliyekuwa mstari wa tatu, alijifunika uso kwa ncha ya sari. Nadhani ni hisia.

Mgeni alikuja amevaa msuli mweupe na shati jeupe, kama sisi. Adabu hiyo.

Saa nne na nusu ikapita. Rahu akatoka. Tajiri akawasha taa ya shaba, kila utambi. Bwana Chordia akavishwa shada. Nikachukua kipaza sauti cha pili. Hotuba yangu ilikuwa kifuani, nimeikariri yote.

Bwana Chordia akasimama ukingoni mwa jukwaa, akawatazama, akapaza sauti:

"Oyaa, wazee wa kazi! Mambo vipi? Mmeshagonga msosi, au mnanikodolea macho na njaa zenu?"

Kwa Kitamil! Tena si Kitamil cha vitabuni. Kitamil cha mitaa ya Chennai, cha madereva wa bajaji, cha watu wanaotukanana kwa upendo kuanzia alfajiri!

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga makofi, walipiga miluzi. Yeye akanyamaza, kama tulivyokubaliana, akanigeukia na kutabasamu. Anangoja tafsiri.

Nimefikiri sana jioni hii kuhusu nilichofanya. Naona hakukuwa na njia nyingine. Kazi ya mkalimani ni kutafsiri. Nikasogeza kipaza sauti, nikasema:

"Waheshimiwa mawakala, mgeni wetu anawasalimu kwa taadhima, na anapenda kufahamu iwapo mmepata kifungua kinywa."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kiliondoka mbele kikaenda mpaka jikoni kikarudi. Bwana Kuppusamy wa Pollachi, mwenye masharubu, anayetuuzia pampu kuliko wote, akasimama. Akaguta, "Mzee, tumemsikia! Viziwi wako huko kiwandani kwenu!"

Bwana Chordia akaendelea. Akasema yeye kazaliwa Chennai, kakulia nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na Jaipur kafuata mke tu. "Kule nahubiri Kihindi mwaka mzima mpaka taya zinauma. Wiki hii naambiwa Coimbatore wanataka lugha niliyokulia nayo. Nikamwambia katibu, hao ndio watu! Nafika jana, mzee huyu ananishushia Kihindi kizito kama profesa. Nikasema, jamani, huyu ni mgeni kuliko mimi. Halafu ananiambia hata Kitamil changu cha mtaani hamtakielewa. Ni kweli?"

"Uongo!" ukumbi ukajibu.

Akaninyooshea mkono. Zamu yangu.

Hapa ndipo mtu mwingine angeweka kipaza sauti chini akaenda zake. Mimi nilikuwa na nusu saa yangu. Walikuwa wamekaa! Nikavuta pumzi.

"Mgeni wetu," nikasema, "anatukumbusha kwamba maisha ya binadamu ni kama pampu. Kuna kuvuta, kuna kusukuma..."

"Hajasema hivyo!"

Ni sauti ya Kuppusamy. Mamia ya sauti yakamfuata. Nikajaribu tena baada ya mgeni kusimulia kisa cha deni la kitambaa cha harusi dukani kwa baba yake. "Mgeni anasisitiza umuhimu wa hatua ya pili, yaani..."

"Hajasema!"

Wanawake walikuwa wanaongoza sasa. Mke wangu pia, nilimwona mdomo ukitamka.

Bwana Chordia akainua mikono kuwatuliza. Akasema, "Kweli sijasema. Ila, mzee, hebu malizia. Hata mimi nataka kujua hiyo pampu inafika wapi."

Basi nikamalizia. Kwa ruhusa! Nikaeleza kuvuta, nikaeleza kusukuma, nikaeleza kutoa. Nikafika mahali pa machozi: kwamba pampu lazima ijazwe maji kabla ya kuwashwa, na binadamu vivyo hivyo. Kuppusamy akasimama tena. "Mzee, hiyo ni ile ya zamani! Hizi tunazouza sasa zinajijaza zenyewe. Nyie wenyewe ndio mnaozitengeneza!"

Kicheko kingine. Nikakiri kwamba sijashuka karakana siku nyingi. Bwana Chordia akaidaka papo hapo: "Mnaona? Hata pampu imeacha kungoja mtu aje kuijaza. Wewe unangoja nani?" Wakapiga makofi, wengine wakasimama juu ya viti. Sentensi ile ilitoka katika pampu yangu.

Tuliendelea hivyo. Yeye anasema, mimi naeleza, wao wanakanusha. Katikati harufu ya chakula ikaingia. Mpishi mkuu akatokea mlangoni na taulo begani, akaashiria kwamba majani ya mgomba, sahani zetu, yameshatandikwa na wali unapoa. Nikatazama viti. Nilivitazama kimoja kimoja.

Hakuna aliyeinuka.

Tulipomaliza, Bwana Kuppusamy alipanda jukwaani na shali la hariri alilokuja nalo kumvisha mgeni. Akampita mgeni. Akalitandaza mabegani mwangu, akainama sikioni, akasema, mzee, mbavu zangu, nitashindwa kula kwa sababu yako.

Sijui kama niliwahi kula wali mtamu kama ule. Niliongezewa uji wa maziwa na njugu mara mbili.

Jumapili, 16 Julai

Nimelala mpaka jua limepanda. Visalakshi aliniletea kahawa kitandani, jambo ambalo hutokea nikiugua.

Akasema, umefurahi? Nikasema sana. Akasema, unajua walikuwa wanakucheka? Nikamfafanulia kwamba kicheko ni namna ya usikivu. Asiyesikiliza hawezi kucheka mahali panapostahili. Akasema, Baba Nandini, hata mimi nilicheka mpaka kiuno kikaniuma, na kwa mara ya kwanza nimesikia mambo ya pampu mpaka mwisho.

Unaona!

Jumatatu, 17 Julai

Aadi imeingia. Kazi zimepoa.

Yuvaraj alirekodi kila kitu kwa simu na amewasambazia mawakala wote. Getini mlinzi alinipigia saluti akasema, Mzee, hajasema! Wahasibu nao, kupitia ukuta ule ule. Dereva wa Tajiri pia. Inaonekana hotuba imewakaa vichwani. Yuvaraj anaeleza watu kwamba kumweka mkalimani ilikuwa fikra yake. Nimemwachia. Nina vya kutosha.

Tajiri akaniita. Mawakala wameagiza mzigo mkubwa kabla ya kwenda nyumbani. Akaniambia nikishastaafu nisipotee, kwa kuwa mwezi wa Novemba kuna mkutano wa mawakala wa Kerala, kule Palakkad, na anataka nisimame jukwaani na Bwana Chordia, tufanye kama juzi. Akaanza kucheka tena, akashindwa kumaliza sentensi.

Nimekubali. Lakini, baina yetu, nimeshapima mambo na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kitamil! Kitamil cha mgeni kilikuwa karibu mno na masikio ya watu. Mpango wenyewe haukuwa na kasoro hata moja. Unahitaji tu msemaji wa mbali zaidi. Na Bwana Chordia, kwa wema wake wote, anachukua muda mwingi.

Mchana huu nimempata. Mjapani! Anaitwa Bwana Morinaga, mhandisi mstaafu anayeishi Bangalore, huzungumza juu ya nidhamu. Ameishi nchi hii muda mrefu, na mkewe ni mzaliwa wa kule kule Palakkad, lakini hayo hayahusiani na lugha. Nimemwandikia kwamba tungependa ajisikie yuko nyumbani kabisa, achague mwenyewe lugha ya kuzungumza. Amejibu ndani ya saa moja, kwa furaha kubwa. Nimeagiza kitabu cha kujifunza Kijapani. Sura ya kwanza inahusu salamu. Hotuba yangu ninayo tayari.

Kwa hiyo wewe utakayekalia kiti hiki, shika hili moja. Usihangaike na wasemaji. Wamejaa, na wote wana meno mazuri. Tafuta mkalimani leo.